UZI: Viti 13 vitupu. Watoto wa Kijapani waliotolewa madarasani Marekani mwaka 1942, na marafiki waliowaacha

Mleta uzi

Wakuu, habari za jioni. Kwenye ule uzi wa Pearl Harbor kuna mdau aliuliza Wajapani waliokuwa wakiishi Marekani walifanywa nini vita ilipoanza. Nilimjibu kwa mistari miwili nikaona namdhulumu. Nimeona nimfungulie uzi wake, ila majenerali nitawapitia haraka, nataka kuzungumzia madarasa. Wengi waliochukuliwa walikuwa watoto na vijana, na mtoto akiondolewa shuleni kuna wenzake wanaobaki wakiangalia dawati lake.

Msingi kwanza. Japani iliipiga Pearl Harbor tarehe 7 Desemba 1941. Tarehe 19 Februari 1942 Rais Franklin Roosevelt akasaini Amri namba 9066, iliyowapa makamanda wa jeshi uwezo wa kumwondoa mtu yeyote kwenye eneo watakalolitangaza kuwa la kijeshi. Neno "Wajapani" halimo humo, lakini Jenerali John DeWitt, mkuu wa ulinzi wa magharibi, alijua amri inamhusu nani. Watu karibu 120,000 wakang'olewa makwao na kufungiwa kambini. Theluthi mbili walikuwa raia wa Marekani kwa kuzaliwa. Wazazi wao wasingeupata uraia hata wangeuomba kwa machozi, kwa kuwa sheria za wakati ule zilimnyima mhamiaji kutoka Japani. Katika vita nzima hakuna hata mmoja kati yao aliyetiwa hatiani kwa ujasusi au hujuma. Na Hawaii, palepale palipopigwa bomu, ambako wenye asili ya Japani walikuwa zaidi ya theluthi ya wakazi, hawakuzolewa kwa jumla namna ile. Kazi za visiwa zingesimama. Nadhani mnaelewa.

Sasa shule.

Kabla ya treni na mabasi ilikuja saa. Mwishoni mwa Machi 1942 jeshi lilitangaza kwamba kila mwenye asili ya Japani awe ndani kuanzia saa 2 usiku hadi saa 12 asubuhi, na mchana asiende zaidi ya maili 5 kutoka nyumbani ila kwa sababu chache zilizotajwa. Chukua kijana wa mwaka wa mwisho wa sekondari. Dansi ya shule ni usiku, haendi. Mechi iko mji wa pili, haendi. Rafiki yake anakaa ng'ambo ya mji, haendi. Hakuna aliyemtukana wala kumkataa, lakini ndani ya wiki chache ameshatoka kwenye maisha ya wenzake, na wenzake wameshazoea kupanga mambo bila yeye. Hapa ndipo ninapotofautiana na wanaosimulia habari hii kama ya chuki tu. Chuki ilikuwepo, tena nyingi. Ila urafiki wa shuleni, kwa ninavyousoma ushahidi, uliuawa zaidi na mazoea na kimya.

Mimi naishi jimbo la Washington, kwa hiyo nianze na kwetu. Ng'ambo ya Seattle kuna kisiwa kinaitwa Bainbridge, unapanda feri unafika mara moja. Jamii ya kwanza kuhamishwa yote kwa amri ile ilikuwa ya pale: tarehe 30 Machi 1942 watu 227 walishushwa gatini na askari wenye singe, kila mmoja na kipande cha karatasi chenye namba kimefungwa kwenye koti, mkononi mzigo anaoweza kuubeba mwenyewe basi. Mbwa na paka walibaki. Majirani Wazungu walikuja kuwaaga na wapo waliolia hadharani. Kabla hawajaondoka, timu ya besiboli ya Bainbridge High School ilikuwa na mechi, na kocha akawapanga vijana wote wa Kijapani wacheze mwanzo hadi mwisho. Walichapwa vibaya. Kocha alijua watachapwa.

Mahafali yalipofika, shule ile iliacha viti 13 bila watu. Wenye viti walikuwa kambi ya Manzanar, jangwani California, kwenye mabanda ya mbao yaliyofunikwa karatasi ya lami.

Nitaendelea, ngoja ninywe chai.

Kijana wa Kibamba

Nimekaa siti ya mbele mkuu. Shusha vitu.

Mjukuu wa KAR

Mleta uzi nakuheshimu, ila mimi babu yangu alikuwa KAR, lile jeshi la Waafrika chini ya Mwingereza, akapelekwa Burma kupigana na Wajapani. Alirudi na kovu la risasi na hadi anakufa hakutaka kusikia jina la Mjapani. Wale jamaa waliua watu Asia nzima. Leo unatuletea habari za viti na dansi? Vita ni vita, adui ni adui.

Mleta uzi

Mkuu Mjukuu wa KAR, babu yako namvulia kofia. Division ya 11 ya Afrika Mashariki iliteremka bonde la Kabaw mwaka 1944 kwenye mvua na matope ambayo ukisoma tu unachoka. Wala sitamtetea askari wa mfalme wa Japani hapa.

Ila swali lako lina mtego, na ni mtego uleule wa DeWitt. Aliwaambia wabunge mwaka 1943 kwamba Mjapani ni Mjapani tu, awe raia asiwe raia. Sasa nikupeleke Burma hiyohiyo, upande wa kaskazini. Mwaka 1944 kulikuwa na kikosi cha Kimarekani kinachojulikana kama Merrill's Marauders, na ndani yake wakalimani 14 Wanisei, yaani waliozaliwa Marekani na wazazi Wajapani. Mmoja wao, Roy Matsumoto, alijitolea kuingia jeshini akiwa ndani ya uzio wa kambi ya Jerome, Arkansas. Kule Nhpum Ga batalioni yake ilipozingirwa, usiku alitambaa hadi karibu na mahandaki ya Wajapani akasikiliza mipango yao, akarudi kuwaambia wenzake wajipange wapi. Asubuhi shambulio lilipokuja, akawapigia Wajapani kelele kwa lugha yao waendelee kushambulia, wakajaa kwenye bunduki. Adui wa babu yako alikuwa adui wa huyu pia.

Tuendelee.

San Diego kulikuwa na mkutubi wa watoto, Clara Breed. Kila siku baada ya masomo watoto wa Kijapani walikuwa wanajaa maktaba yake. Aprili 1942 walipopelekwa stesheni, akaenda na kadi za posta alizokwisha kubandika stempu na kuandika anwani yake mwenyewe. Akawagawia mkononi: niandikieni. Angalia mama huyu alivyofikiri. Mtoto wa miaka kumi anayepelekwa asikokujua hana hela ya stempu na anwani ataisahau, naye alishayamaliza yote mawili kabla treni haijaondoka.

Waliandika. Kwanza kutoka Santa Anita, uwanja wa mbio za farasi karibu na Los Angeles, ambako familia nyingi zililazwa kwenye mazizi yaliyopakwa chokaa juu ya kinyesi. Kisha kutoka Poston, jangwa la Arizona, ndani ya ardhi ya Wahindi Wekundu ambao nao hawakuombwa ruhusa ya maana. Aliwatumia vitabu, sabuni, vitambaa, na kuandika makala kwenye majarida ya wakutubi kuwatetea. Barua zaidi ya 200 alizozitunza ziko leo kwenye jumba la makumbusho la Wamarekani wenye asili ya Japani, Los Angeles. Ukizisoma utashangaa zinavyojaa mambo madogo: vumbi, joto, foleni ya chakula, na shukrani nyingi za kitabu kimoja.

Nimemtaja mkutubi kabla ya wanafunzi kwa makusudi. Watu wazima waliosimama walikuwa wachache lakini majina yao tunayo. Watoto waliokuwa marafiki wa wale watoto, wengi hatuna hata majina yao.

Mwl. Mstaafu

Mimi nimefundisha shule ya msingi maisha yangu yote. Swali langu: asubuhi mwalimu anaita mahudhurio, jina halijibiwi, akifika la pili halijibiwi. Aliwaambia nini waliobaki?

Mleta uzi

Mwalimu shikamoo. Swali zuri kuliko yote humu.

Ilitegemea mwalimu. Seattle, pale Washington School, mwalimu Ella Evanson aliwapa wanafunzi wake waandike kuhusu wenzao wanaoondoka, na wanaoondoka waandike kwaheri zao, naye akayahifadhi maandishi. Yako kwenye nyaraka za Chuo Kikuu cha Washington. Ni mwandiko wa kitoto, wenye adabu ya shule, watoto wanaahidiana kuandikiana na kutumaini watarudi. Wengi wanarudia maneno ya watu wazima kwamba ni kwa ajili ya usalama. Hawakuwa na mahali pengine pa kuyatoa.

Shule nyingine nyingi hakuna kilichosemwa. Majina yalifutwa kwenye rejista, maisha yakaendelea.

Nyongeza: kambini nako walifungua shule vuli ya 1942. Mwanzoni sehemu nyingi hakukuwa na madawati, watoto walikaa chini kwenye sakafu ya mbao inayopitisha vumbi. Mjapani mwenye shahada ya ualimu alilipwa dola 19 kwa mwezi, ndiyo kima cha juu kwa mtu wa kambini, huku mwalimu Mzungu wa chumba cha pili akila mshahara kamili wa serikali. Na kila asubuhi watoto waliapa utii kwa bendera, nje kuna waya wa miiba na mnara wa askari mwenye bunduki.

Mama Wawili

Kwa hiyo hakuna hata rafiki mmoja aliyesema "twende wote"? Wahenga walisema akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki.

Mleta uzi

Dada yupo. Mmoja.

Anaitwa Ralph Lazo. Baba Mmeksiko, mama wa asili ya Ireland aliyekwisha kufariki. Alisoma Belmont High School, Los Angeles, shule iliyokuwa na kila kabila, na marafiki zake wengi walikuwa Wajapani. Mei 1942 walipoitwa, naye akaenda kupanda treni. Hakuna aliyemwuliza babu yake alitoka wapi. Lazo alimuaga baba yake kwa kumwambia anakwenda kambi, mzee akadhani ni zile kambi za vijana za likizo.

Ana miaka 17, anakwenda Manzanar kwa hiari yake. Kulikuwa na wake na waume wasio Wajapani waliofuata wenzi wao, lakini mtu asiye na damu wala ndoa, akafuata marafiki tu, anayejulikana ni huyu. Alisoma sekondari ya kambini, akagawa barua, akaandaa sherehe, na darasa lake likamchagua kuwa rais wake. Mwaka 1944 jeshi likamwita. Alipigana Pasifiki, dhidi ya Wajapani, akapewa nishani ya Bronze Star. Baadaye akawa mwalimu na mshauri wa wanafunzi, na wenzake wa kambi walipofungua kesi ya kudai fidia alikuwa miongoni mwa wachangiaji wakubwa wa awali. Alifariki 1992.

Lakini naomba tusimfanye kivuli cha kujifichia. Kila mwaka tarehe ya kumbukumbu ikifika watu wanamposti Lazo, wanajisikia vizuri, basi. Belmont ilikuwa na mamia ya wanafunzi waliowajua waliochukuliwa. Nao sitaki kuwahukumu kirahisi, mtoto wa miaka 15 angefanya nini? Angeandika barua, labda. Baadhi waliandika. Barua moja, mbili, kisha hakuna la kuandika, kwa sababu wewe unasimulia mahafali na mwenzako anasimulia foleni ya choo cha pamoja.

Mkenya wa Rongai

Aisee hii imenigusa. Mimi nyanya yangu alinisimulia Operation Anvil, Nairobi, Aprili 1954. Wanajeshi walifunga mji, wakawa wanatenga watu: Wakikuyu, Waembu na Wameru upande huu, wengine upande ule. Anasema majirani waliokuwa wakikopeshana unga waliangaliana tu. Naelewa hicho kimya unachosema.

Mleta uzi

Asante kaka. Kenya ile ilikuwa na mambo yake, kulikuwa na vita ya ardhi na ukoloni katikati, sitaichanganya na hii. Lakini kutengwa kwa kabila mbele ya jirani yako, hilo ni lilelile. Fungua uzi wa nyanya, tutakuja.

Diaspora Vancouver

Mkuu usisahau huku Kanada, tena wao walikuwa wabaya zaidi kwenye baadhi ya mambo. Watu kama 22,000 walitolewa pwani ya British Columbia. Walipitishwa Hastings Park hapa Vancouver, kwenye mabanda ya maonyesho ya mifugo. Boti zao za uvuvi zilikamatwa, nyumba na mashamba vikauzwa na serikali bila ridhaa yao, fedha zikatumika kuwatunza wao wenyewe kizuizini. Na kwa kuwa umeongelea shule: serikali ya jimbo iligoma kuwasomesha watoto. Shule za msingi kambini ziliendeshwa na tume ya serikali kuu, na wasichana wa Kijapani waliomaliza sekondari ndio waliogeuzwa walimu. Sekondari ikaachiwa makanisa. Vita iliisha 1945 lakini hawakuruhusiwa kurudi pwani hadi Aprili 1949. Uliyekaa naye dawati moja ukiwa na miaka 11 unamkuta ana 18, kama unamkuta.

Mleta uzi

Shukrani sana, hilo la sekondari kuachiwa makanisa wengi hawalijui.

Sasa kisa kinachopendwa kuliko vyote, nikiweke kwa sababu kina utamu wake. Heart Mountain, Wyoming. Kambi ilifika watu zaidi ya 10,000, ikawa kama mji wa tatu kwa ukubwa katika jimbo zima. Humo alikuwemo Norman Mineta wa San Jose. Alipopanda treni akiwa na miaka 10 alikuwa amevaa sare ya skauti na ameshika gongo la besiboli. Askari wakamnyang'anya gongo, eti silaha.

Mkuu wa maskauti wa mji jirani, Cody, akaamua kuwapeleka vijana wake kambini wakafanye jamborii na maskauti wa ndani. Vijana wa Cody waliogopa, waliona minara na bunduki, wakadhani ndani kuna watu hatari. Wakakuta watoto wenye beji zilezile na kitabu kilekile cha mafundo. Alan Simpson wa Cody akapangwa hema moja na Mineta. Mvua ikaja. Hema la chini yao kidogo kulikuwa na mtoto mmoja mbabe, Mineta hampendi. Basi wawili hawa wakachimba mfereji kuzunguka hema lao, maji yote yakaelekea kwa yule mbabe. Simpson alisimulia hadi uzeeni kwamba walicheka usiku kucha.

Mineta akawa meya wa San Jose mwaka 1971, akaingia Bunge la Wawakilishi 1975. Simpson akaingia Seneti 1979, chama pinzani. Urafiki ukafufuka kana kwamba mvua ilinyesha jana. Mineta alikuwa mmoja wa waliopigania sheria iliyosainiwa na Ronald Reagan tarehe 10 Agosti 1988: serikali iombe radhi na kila aliyepitia kambini na bado yu hai apewe dola 20,000. Septemba 11, 2001 alikuwa waziri wa uchukuzi, na ndani ya siku chache wizara yake iliyaandikia mashirika ya ndege yasiwabague abiria wenye sura ya Kiarabu au wanaodhaniwa Waislamu. Mineta alifariki 2022, Simpson 2025.

Lakini mnaona tofauti? Hawa hawakuwa marafiki kabla ya kambi. Urafiki wao ulizaliwa kwa sababu mtu mzima mmoja aliwapeleka vijana wake ndani ya uzio. Marafiki wa Mineta wa San Jose ni nani? Hatuwasikii.

Kijana wa Kibamba

Daah, mfereji wa maji! Swali mkuu: waliporudi walipokelewaje?

Mleta uzi

Ilitegemea mji, na hapa nilinganishe miji miwili.

Bainbridge: gazeti la kisiwa, Review, lilikuwa la Walt na Milly Woodward. Walipinga amri tangu mwanzo, wakapoteza wateja wa matangazo. Kisha wakaajiri vijana wa kisiwa waliokuwa kambini wawe waandishi wao. Kila toleo likawa na habari kutoka Manzanar, baadaye Minidoka, Idaho: fulani kajifungua, fulani kaoa, timu imeshinda. Hazikuwa habari za siasa, zilikuwa habari za majirani. Vita ilipoisha, zaidi ya nusu walirudi kisiwani. Ule uzembe wa barua niliouongelea juu, gazeti liliuziba.

Hood River, Oregon: mji wa matunda, Wajapani walilima tufaha na peasi pale. Novemba 1944 tawi la chama cha maveterani lilifuta majina 16 ya vijana wa Kijapani kwenye ubao wa heshima wa wanajeshi wa mji. Vijana hao walikuwa vitani muda uleule, na waliofuta walikuwa watu wazima wa mji wao wenyewe. Mmoja wa waliofutwa, Frank Hachiya, alifariki Januari 1945 kwa majeraha aliyoyapata Leyte, Ufilipino. Nchi nzima ikapiga kelele, hata askari wa mstari wa mbele waliandika barua za hasira, ndipo majina yakaanza kurudishwa. Lakini familia nyingi hazikurudi Hood River.

Mwl. Mstaafu

Na wale ambao masomo yao yalikatishwa, walipewa vyeti?

Mleta uzi

Mwalimu, wapo. Wa vyuo karibu 4,000 waliruhusiwa wakati wa vita kuhamia vyuo vya mashariki na katikati ya nchi, kwa msaada mkubwa wa Wakwekari, Wakristo wa dhehebu linalopinga vita, waliotafuta chuo kitakachompokea kila mmoja. Kwa waliokatishwa, Chuo Kikuu cha Washington kilitoa shahada za heshima Mei 2008 kwa wanafunzi wake karibu 450 wa mwaka 1942. Wengi walishafariki, watoto na wajukuu ndio waliopanda jukwaani kupokea. California nako wilaya za shule ziliruhusiwa kisheria kuwapa vyeti vya sekondari wazee waliotolewa darasani.

Wenye maswali ya kambi ya Tule Lake na lile dodoso la utii la 1943 walilojazishwa watu wa kambini, hilo linataka uzi wake, ni refu. Naingia shifti ya usiku sasa hivi, kesho nikitoka nitapitia maoni.